Mkono wa Subira

Chupa ilikuwa juu ya meza ya Sajini Kibwana, na kizibo chake cha gunzi kilikuwa kimeanza kuinuka chenyewe.

Aliyeileta ni Mzee Idarusi, nyapara mkuu wa kazi ya barabara ya Pangani. Alifika kituoni asubuhi hiyo ya Ijumaa akiwa ameifunga kwa gazeti kuukuu, akaitua kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika najisi, kisha akaeleza kwamba ameiokota jana alasiri chini ya kiti cha dereva wa winchi, mara tu baada ya boriti ya chuma kumshukia kibarua Uweso kwenye daraja jipya karibu na Tongoni. Kwa pirikapirika za maiti na maziko ndiyo maana hakuweza kuileta siku ile ile.

Dereva mwenyewe, Noa, alikuwa mahabusu tangu jana. Bwana Mkubwa wa Polisi alikwisha kuamua kwamba Jumatatu apandishwe mahakamani kwa kosa la kuua bila kukusudia, na chupa hii ndiyo iliyokuwa imebaki. Dereva mlevi, boriti imeshuka, mtu amekufa. Miaka ya gerezani ilikuwa inamngoja Noa, na hapakuwa na mtu Tanga nzima aliyeona haja ya kuuliza swali la pili.

Isipokuwa Sajini Kibwana. Alikuwa mtu wa Pangani, mfupi, shingo nene, hasira zake za karibu, na tangu jana hasira hizo zilikuwa zimemkaa kooni. Yeye ndiye aliyesimamia kumtoa Uweso chini ya boriti, na alijua alichokitoa. Yeye ndiye aliyekwenda kupiga hodi kwa Saleha, mkewe marehemu, ambaye sasa yu ndani amekaa eda na tumbo la miezi saba. Kwa hiyo chupa ile hakuifurahia kama ilivyotarajiwa aifurahie. Aliing'oa kizibo, akaisogeza puani, akanusa. Akanusa tena.

"Mzee Idarusi," alisema, "weye umewahi kunywa tembo la mnazi?"

"Astaghfirullah. Miye? Tangu nizaliwe halijapita hapa." Akaligusa koo lake.

"Nimekuamini. Maana ungewahi hata kulinusa, hili usingeniletea."

Mzee Idarusi akamtazama bila kuelewa. Sajini naye hakuwa mnywaji, lakini kazi ya polisi ilikuwa imemmwagisha tembo la watu wasio na leseni kutoka Maramba hadi Pangani, mapipa kwa mapipa, hata pua yake ikajua umri wa tembo kama mama anavyojua umri wa mtoto. Tembo la alfajiri ni tamu, halijakomaa, linachemka povu. Likifika jioni linauma ulimi. Likilala, asubuhi yake ni siki, hata achari unaweza kulitilia. Na hili lililokuwa mezani lilikuwa tamu kama maji ya muwa, povu linapanda shingoni mwa chupa.

"Tembo hili limegemwa leo, baada ya adhana ya alfajiri," Sajini alisema. "Jana alasiri, unaposema umeliokota chini ya kiti, lilikuwa bado juu mnazini, halijadondoka. Haya, nieleze ulivyoliokota."

Mzee Idarusi alikuwa mtu wa safu ya kwanza msikitini, ndevu zimetiwa hina, na Sajini alikuwa amemwamkia shikamoo kwa mikono miwili alipoingia. Sasa alikuwa akijifuta jasho kwa ncha ya kilemba. Hakukana. Alisema tu kwamba mwanangu, dunia ngumu, mtu ana watoto, ana wajukuu, kazi ikimtoka kwa umri huu ataipata wapi nyingine.

"Na Uweso alikuwa na nini?" Sajini aliuliza. "Mbuzi?"

Sajini akamuuliza ni nani aliyemtuma kununua tembo. Mzee akatazama chini. Akamuuliza mara ya pili, kwa sauti iliyowafanya askari wa nje waache mazungumzo yao, na mzee akazidi kutazama chini. Angeweza kumtia ndani palepale kwa kutunga ushahidi, na mkono ulimwasha. Lakini mtu akifungiwa kabla hajaiva hufunga na kinywa pia.

"Nenda kasali Ijumaa yako," alimwambia. "Ukishamaliza kusujudu nitakukuta kazini." Na alipoinuka mzee kuondoka, Sajini hakuinuka.

*

Uongo wa chupa, hata hivyo, haukumtoa Noa hatiani. Mtu aweza kusingiziwa ulevi na bado akawa ameua kwa uzembe wake, na Sajini alilijua hilo vizuri. Jana jioni alikuwa amewahoji watu watatu, kila mmoja peke yake nyuma ya lori, na wote watatu walimkandamiza Noa.

Wa kwanza alikuwa Badr bin Hamed, kijana wa Kiarabu, mtunza stoo wa kampuni. Dereva wa winchi akiwa kitini pake haoni chini ya daraja. Huongozwa na mtu anayesimama ukingoni na kumwonyesha kwa mkono. Jana mtu huyo alikuwa Badr. Alisema Uweso aliingia chini ili aondoe jiwe lililokuwa limekaa mahali pa kulalia boriti. Yeye Badr akamwambia dereva asubiri. Dereva akashusha. Akamwambia tena asubiri, na dereva akazidi kushusha, mpaka ukasikika ule mlio. Badr alikuwa analia anapoeleza, maana Uweso alikuwa mwenzake tangu chuo cha Kurani, wamechapwa na mwalimu mmoja. Vibarua wawili waliokuwa ng'ambo wakasema vilevile, kila mmoja kwa kinywa chake: Badr alimwambia asubiri, tumeona kwa macho yetu.

Noa naye alisema: aliniambia nishushe.

Sajini alikuwa ameishi na waongo miaka mingi. Mwongo hurembesha, hurudi nyuma, huapa kabla hajaulizwa. Katika wanne hawa hakumwona aliyefanya hivyo, na jambo hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Alichukua ufunguo, akaenda mahabusu.

Noa alisimama alipoona mlango unafunguliwa. Alikuwa pande la mtu, Mshambaa wa milimani huko Amani, aliyejifunza winchi kwenye mashine ya kupasua mbao, kazi yake kuvuta magogo kutoka mabondeni. Kampuni ya Bwana Pickering ilikuwa imemchukua pamoja na winchi yenyewe, mwezi haujatimu. Kabla hajaulizwa neno aliuliza yeye, akimwita bwana kwa Kishambaa chake.

"Mghosi, Miraji yuko wapi?"

"Miraji ndiye nani?"

Noa akaeleza. Miraji ndiye jicho lake. Wamefanya kazi pamoja msituni tangu ujana, Miraji chini na vitambaa viwili, yeye juu kwenye mashine. Kitambaa chekundu, simama. Cheupe juu, pandisha. Cheupe chini, shusha. Wamekuja Tanga wote wawili. Lakini mapema wiki hii Bwana Pickering alimwondoa Miraji, akampeleka kuponda mawe, kwa sababu alikuwa akiinua chekundu kila anapoona mtu chini ya mzigo, na kazi ikawa inasimama mara kwa mara. Akasimamishwa Badr badala yake, bila kitambaa, bila kuelezwa kitu.

"Na jana? Nieleze polepole."

"Jana nilimtazama yeye tu. Akaniambia shusha taratibu. Nikashusha taratibu. Akazidi kuniambia shusha, nami—"

Hapo askari mmoja akasimama mlangoni. Bwana Pickering yuko kwenye simu, alisema, anataka kujua kama maelezo ya chupa yamekwisha andikwa, maana boriti ya pili inapandishwa leo leo baada ya sala, dereva mpya amekwisha fika kutoka Moshi, naye hataki polisi waje kumsumbua tena. Sajini akamgeukia askari kumjibu. Nyuma yake Noa alikuwa bado anaendelea na maneno yake, na Sajini, bila kumtazama, alimwinulia mkono, ncha za vidole vitano zimekutana, zimeelekea juu, akautikisatikisa juu na chini, kama mtu yeyote wa pwani afanyavyo.

Alipogeuka, Noa alikuwa amekaa sakafuni.

"Mbona umekaa?"

"Si umeniambia nikae?"

"Nimekwambia saa ngapi?"

"Kwa mkono, mghosi. Umenionyesha chini, chini."

Sajini Kibwana aliutazama mkono wake mwenyewe. Mama yake alikuwa akimfanyia hivi kutoka jikoni. Muuza kahawa humfanyia anapohudumia wengine, mtu aliye kwenye sala ya sunna humfanyia mgeni mlangoni akishatoa salamu, kabla hajaanza nyingine. Maana yake subira, ngoja kidogo. Hakuna aliyefundishwa, kila mtoto wa pwani huijua kabla hajajua kuvaa kikoi. Na kwa kuwa kila mtu anaijua, mashahidi watatu walipoulizwa walichokiona hawakusema wameona vidole vinapanda na kushuka. Walisema wameona subira. Na yeye, mwana wa Pangani, akaandika subira, akala ugali wake akalala.

Hakutaka kuamini upesi. Aliwaita askari wawili uani, mmoja mmoja. Wa kwanza, Mdigo wa Moa, alimwonyesha mkono ule kwa mbali, naye akasimama alipo na kungoja. Wa pili alikuwa Mnyamwezi aliyetoka mafunzoni juzi. Alimwonyesha mkono ule ule, naye akainamisha kichwa kwa mashaka, akachuchumaa.

Subira huvuta heri, husema wazee. Hii ilikuwa imevuta boriti. Na leo baada ya sala Badr yule yule angesimama ukingoni kwa mkono ule ule, mbele ya dereva mwingine wa bara. Sajini akaagiza gari.

*

Njiani, kabla ya kufika darajani, palikuwa na rundo la mawe na mtu amekaa juu yake na nyundo. Sajini akateremka. Ndiye Miraji, mtu mkavu wa makamo mwenye kinywa kikali, naye hakusimama.

"Mmekuja kunikamata na miye?" aliuliza. "Au mmemaliza kwa Noa?"

Sajini akamuuliza kama anaujua mkono wa subira wa watu wa pwani. Miraji akacheka kicheko kibaya. Yeye mamake ni mtu wa Mtang'ata, alisema, ameukuta mkono huo tumboni. Ndiyo maana siku alipoondolewa alikwenda kwa Bwana Pickering akamweleza. Alimwambia mzigo ukiwa hewani, chini yake si pahala pa mtu, hata wa kufunga kiatu. Alimwambia pia kwamba Mwarabu ataonyesha kwa kwao na Mshambaa atasoma kwa kwao, na watakapopishana ndipo mtu atakapokufa.

"Ulimwambia mkiwa peke yenu?"

"Nyapara alikuwapo. Idarusi. Kasimama hapo hapo kashika mwavuli wa Bwana."

Basi kinywa cha Idarusi ndicho kilichokuwa kimebaki. Neno la mponda mawe mbele ya neno la Mzungu lilikuwa upepo mtupu, na Sajini alilijua hilo hata kabla ya Miraji kulisema. Akamwambia apande gari.

Walipofika boriti ya pili ilikuwa tayari hewani. Winchi ilikuwa inanguruma, dereva mpya, Ernesti, Mchaga aliyeletwa asubuhi hiyo kutoka Moshi, amekaza macho ukingoni, na ukingoni amesimama Badr, macho mekundu kwa kilio cha jana. Chini palikuwa na vibarua wanne wanasawazisha udongo kwa sepetu. Mahali alipofia Uweso pametiwa mchanga tu.

Sajini alikimbia. Hakuwa ametukana hadharani tangu avae sare, lakini pale alitukana, na vibarua wanne wakatoka chini ya boriti sepetu zimebaki huko huko. Bwana Pickering akatoka hemani na kofia yake ya jua. Alikuwa mrefu, Kiswahili chake cha mashamba ya Kenya, cha kuamrisha. Akataka kujua nani amesimamisha kazi yake. Mkubwa kutoka Dar es Salaam anakuja kulifungua daraja hili mwisho wa mwezi, alisema, na yeye hana nafasi ya mchezo wa askari.

Sajini akamwambia si mchezo, ni uchunguzi wa kifo, na kila mtu abaki alipo. Kisha akaviringisha pipa tupu la lami mwenyewe, kwa mikono yake, akalisimamisha juu ya ule mchanga. Akaamuru mtu yeyote asikaribie. Boriti ilikuwa inaning'inia juu ya pipa, inajizungusha polepole. Akamwendea Ernesti, akamwambia amfuate Badr, asimtazame mtu mwingine. Akamwendea Badr.

"Jana, Uweso alipoingia chini, ulifanyaje?"

"Nilimwambia dereva asubiri."

"Mwambie tena. Vilevile."

Badr akainua mkono. Akavikusanya vidole, akautikisatikisa.

Boriti ikaanza kushuka.

Badr akashtuka, akautikisa kwa nguvu zaidi. Ernesti, kwa utii wote, akaongeza kamba. Kadiri boriti ilivyoshuka ndivyo Badr alivyozidi kuomba subira, akasimama kwa vidole vya miguu, mkono unakwenda juu chini kwa haraka ya mtu anayezama, na kadiri alivyozidi ndivyo Ernesti alivyozidi kushusha. Pipa lilipiga kelele fupi, likabonyea mpaka chini.

Winchi ikazimwa. Vibarua wote, waliokuwa ng'ambo na waliokuwa barabarani, walikuwa wamesimama wanatazama. Ernesti alikuwa anauliza kutoka kitini kama amekosea. Badr alikuwa bado ameinua mkono wake.

"Ni miye," alisema mwishowe. "Sajini, ni miye niliyemwua."

"Nyamaza."

"Miye ndiye—"

"Nimekwambia nyamaza," Sajini alisema, na sauti yake ikawa kali kuliko alivyokusudia. "Weye ulipewa roho za watu uzishike, hukuambiwa zinashikwaje. Kaa chini."

Bwana Pickering alikuwa ameliona lote. Alikuwa mtu mwenye akili, na Sajini aliona uso wake unavyopiga hesabu. Kisha Bwana akafungua mikono kwa masikitiko. Kumbe ndiyo hivyo, alisema. Wenyeji wawili hawakuelewana. Bahati mbaya, hapana kosa la mtu. Dereva afunguliwe basi, yeye hana neno, na Sajini aandike hivyo, bahati mbaya, kazi iendelee.

Hapo ndipo hasira ya Sajini Kibwana, iliyokuwa imekaa kooni tangu jana, ilipopata njia. Asubuhi nzima mtu huyu alikuwa akimtaka Noa afungwe. Alikuwa amepiga simu kuuliza kama chupa imeandikwa. Sasa chupa imesahauliwa, Noa si kitu, Uweso si kitu, kosa limepeperushwa kama vumbi la kiatu. Alimwendea mpaka karibu, akalazimika kuinua uso ili amtazame.

"Bahati mbaya," alisema.

"Ndiyo."

"Na mtu wa kuonyesha ishara hana kosa, dereva hana kosa, kazi haina kosa."

"Nimesema ndiyo."

Sajini akamgeukia Ernesti, akamwambia awashe winchi na kuipandisha boriti hewani. Ikapanda, pipa lililobonyea likabaki chini yake. Akamnyooshea Bwana Pickering mkono kuonyesha mahali pale.

"Basi simama pale, Bwana. Badr atamwambia dereva asubiri."

Bwana Pickering alimtazama Sajini, akaitazama boriti, akamtazama Badr aliyekaa chini. Kila mtu aliona. Hakusema hapana. Alirudi nyuma hatua moja, halafu nyingine, mpaka akalifikia hema.

Kibarua mmoja akaweka sepetu yake chini. Hakuitupa, aliilaza tu kama chombo cha mtu mwingine, akaenda kukaa kandokando ya barabara. Mwingine akamfuata. Kisha wakaenda wote. Bwana Pickering akamwita nyapara wake kwa sauti kubwa awarudishe watu kazini.

Mzee Idarusi alikuwa amesimama nyuma ya lori tangu mwanzo, na kilemba chake cha msikitini bado kichwani. Alikuja polepole. Hakuwafuata vibarua wala hakwenda kwa Bwana. Alikuja kwa Sajini, macho yake chini vilevile kama asubuhi, lakini safari hii alisema, na alisema kwa sauti ya kusikika.

"Miraji alimwambia. Nilikuwapo. Alimwambia Mwarabu na Mshambaa hawasomi mkono mmoja, mtu atakufa."

"Bwana akajibu nini?"

"Alisema mkono ni mkono tu."

"Na chupa?"

"Alinituma yeye. Alisema nitafute pombe yoyote. Miye nikaenda kwa mgema, sikujua kwamba tembo lina umri."

Bwana Pickering akapiga kelele kwamba nyapara huyu amefukuzwa kazi tangu dakika ile. Mzee Idarusi akasema ahsante, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akainua uso.

*

Bwana Mkubwa wa Polisi hakupendezwa. Alisoma maelezo ya Idarusi mara mbili, akasoma ya Ernesti, akauliza kama vibarua walioona ni wengi kweli. Sajini akamwambia wako nje, wamekuja kwa miguu yao, atoke awahesabu. Bwana Mkubwa alichungulia dirishani, akakaa tena. La Bwana Pickering, alisema, ni jambo la kuangaliwa na wakubwa, si la Sajini. Sajini akajibu kwamba wakubwa wakiliangalia vibaya, wale walioko nje wataliangalia vizuri. Ilikuwa kauli ya kumnyang'anya mtu tepe za begani, na aliitoa wima bila kumeza mate. Bwana Mkubwa akatia saini ya kumwachia Noa, na amri kwamba winchi isiguswe.

Jua lilikuwa linashuka Sajini alipofungua mlango wa mahabusu. Alimwambia Noa kwamba yuko huru, Miraji anamngoja nje, na hakuna shitaka. Noa akavaa viatu. Hakufurahi kama afurahivyo mtu aliyeokoka gerezani. Alifunga kamba za viatu taratibu, kisha akabaki amekaa.

"Yule Mwarabu," alisema. "Ule mkono wake. Ulikuwa una maana gani?"

Sajini akamwambia. Akamfanyia na kwa mkono, vidole vitano pamoja, akamweleza kwamba kwa watu wa pwani maana yake ni subiri, ngoja kidogo.

Noa akavikusanya vidole vyake vilevile.

"Kumbe ni subiri tu," alisema. "Ningesubiri, mghosi. Angeniambia mtu mapema kwamba ndiyo hivyo, ningesubiri hata mpaka kesho."

Sajini Kibwana alisimama mlangoni na ufunguo mkononi. Nje Miraji alikuwa anaita.